Jicho jekundu linalochukia mwanga: hatua za kufuata unaposhuku kinga ya mwili

Mara ya kwanza jicho langu la kulia lilipogeuka jekundu nilipewa dawa ya matone ya kuua bakteria, nikaambiwa ni ugonjwa wa macho mekundu, nikarudi nyumbani. Kufikia siku ya nne nilikuwa nafunga mapazia mchana. Siku ya tisa nilifika kwa daktari wa macho nikiwa nimejiziba uso kwa kitambaa. Aliniangalia kwa mashine yake, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea: "Asubuhi ukiamka, ndugu yangu, mgongo unakuwaje?"

Mgongo ulikuwa unakakamaa kila asubuhi kwa miaka. Nilikuwa nalaumu godoro.

Siku hiyo nilielewa kwamba jicho linaweza kuwa mahali pa kwanza ugonjwa wa mwili mzima unapojionyesha. Tatizo ni kwamba jicho lina daktari wake, mgongo una wake, ngozi ina wake, na mara nyingi hakuna anayeyaunganisha mambo haya isipokuwa mgonjwa mwenyewe. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuyaunganisha. Haukupi dawa ya kujitibu nyumbani, maana kwa ugonjwa huu hakuna. Unakupa namna ya kutambua, ya kujieleza na ya kufuatilia.

Kinga inafikaje jichoni

Ndani ya jicho, chini ya ile sehemu nyeupe ngumu, kuna tabaka lililojaa mishipa ya damu. Wataalamu waliliita uvea kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya zabibu, kwa sababu jicho likimenywa tabaka hili linafanana na zabibu nyeusi. Mbele ndipo penye duara lenye rangi linalozunguka mboni. Nyuma linatandaza mishipa inayolisha retina, yaani utando wa ndani unaopokea mwanga. Likivimba tunasema mtu ana uveitisi. Neno "kuvimba" hapa lisikupotoshe: usitegemee kuona jicho limetuna kama la aliyepigwa ngumi. Uvimbe uko ndani, na kwa nje huenda ukaona wekundu tu, au usione chochote.

Kwa kawaida jicho lina ulinzi wake. Kuta za mishipa yake zimebana vizuri ili askari wa kinga wasimwagike ndani ovyo, kwa sababu vita kidogo tu mahali penye mwanga na lenzi vinaweza kuharibu uoni. Kinga inapokosea na kuanza kushambulia mwili wenyewe, ukuta huo unavuja. Chembe nyeupe za damu huingia kwenye maji ya jicho, protini hufuata, na kile kilichokuwa kisafi kama kioo kinakuwa na ukungu.

Hatua ya kwanza: angalia wekundu ni wa aina gani

Simama mbele ya kioo penye mwanga wa mchana. Usiangalie kwa haraka.

Macho mekundu ya kuambukizwa huwa na tongotongo. Unaamka kope zimegandana, jicho linawasha au linakereketa kama lina mchanga, na mara nyingi la pili hufuata baada ya siku moja mbili. Wekundu umekolea zaidi kuelekea kwenye kope na unafifia ukikaribia katikati ya jicho. Ukipepesa na kupangusa, unaona vizuri kama kawaida.

Uveitisi ya mbele ina sura nyingine. Wekundu hujikusanya kama pete inayozunguka ile duara yenye rangi, na hufifia kuelekea pembeni. Machozi yanatoka lakini ni maji matupu, hayana tongotongo. Maumivu yako ndani, mazito, kama mtu anayebonyeza jicho kwa nyuma, wala si ya kuwasha. Mara nyingi ni jicho moja. Mwanga unakuwa adui: taa ya gari, dirisha, hata skrini ya simu. Linganisha mboni zako mbili. Ile ya jicho linalouma inaweza kuwa ndogo kuliko mwenzake, au isiwe mviringo kamili. Hapo huenda duara ya rangi imeshaanza kunata kwenye lenzi iliyo nyuma yake, na saa zinahesabika.

Kuna jaribio dogo unaloweza kulifanya na mtu wa nyumbani. Funika jicho jekundu kwa kiganja mpaka mwanga usipenye kabisa. Mwenzako amulike kwa tochi jicho lililo zima. Jicho lililofunikwa likiuma, shuku uveitisi. Sababu ni kwamba mboni mbili husinyaa kwa pamoja hata kama mwanga umeingia upande mmoja, na msuli uliovimba ukivutwa unalalamika. Jaribio hili likikosa kuuma, lisikupe ruhusa ya kubaki nyumbani. Ni kidokezo tu.

Weupe wa jicho nao huvimba, na hapa kuna ndugu wawili wanaofanana usoni lakini wana tabia tofauti sana. Wa kwanza ni mpole: doa jekundu upande mmoja wa jicho, maumivu madogo, na baada ya wiki moja mbili limeondoka. Wa pili anaitwa skleritisi, na si wa kuchezea. Maumivu yake yanachimba, yanapanda kwenye nyusi na kushuka mpaka taya, yanakuamsha usiku, na ukigusa jicho juu ya kope unaruka. Kwenye mwanga wa jua wekundu wake una rangi ya zambarau. Kati ya theluthi na nusu ya wenye skleritisi wana ugonjwa mwingine mwilini unaohusika, na unaoongoza ni baridi yabisi ya viungo, ile inayotokana na kinga. Mtu akiniambia jicho linamwamsha saa nane za usiku, simwambii asubiri.

Halafu kuna jicho ambalo si jekundu kabisa. Uvimbe ukiwa nyuma, unaona vidoadoa vyeusi vinavyoelea kama nzi, au ukungu usiofutika, na jicho halikuumi. Neva ya jicho ikivimba, jicho huuma unapolizungusha kutazama pembeni, na rangi zinapauka. Nyekundu ndiyo ya kwanza kugeuka kama imefuliwa mara nyingi. Chukua kitu chekundu, kitazame kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Tofauti ikiwa dhahiri, mwambie daktari hivyohivyo ulivyoona. Kuvimba kwa neva hiyo wakati mwingine ndiko mwanzo wa ugonjwa wa kinga unaoshambulia ubongo na uti wa mgongo.

Hatua ya pili: zijue hali zisizongoja kesho

Nenda siku hiyohiyo ikiwa uoni umeshuka, ikiwa mwanga unakuumiza, ikiwa maumivu ni ya kuchimba, ikiwa unaona doa jeupe kwenye kioo cha mbele cha jicho, ikiwa unavaa lenzi za kuvaa jichoni, ikiwa jicho liliumia au kufanyiwa upasuaji karibuni, au ikiwa umeona miale ya mwanga na kivuli kinachofunika sehemu ya uoni kama pazia. Macho mekundu yenye kutapika na kichwa kuuma, huku ukiona duara za rangi kuzunguka taa, yanaweza kuwa presha ya macho iliyopanda ghafla. Hiyo nayo ni dharura.

Hali moja nataka uikumbuke kwa ajili ya wazee wetu. Mtu aliyevuka miaka 50 anaanza kuumwa kichwa kwenye panja. Akichana nywele, ngozi ya kichwa inauma. Akitafuna, taya linachoka mpaka anaacha chakula katikati, kisha likipumzika linarudi sawa. Halafu jicho linazimika kwa dakika chache na kurejea. Huo ni uvimbe wa mishipa mikubwa ya kichwani unaosababishwa na kinga, na jicho likizimika moja kwa moja mara nyingi halirudi, na la pili linaweza kufuata ndani ya siku chache. Matibabu yake ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, kwa dozi kubwa, na madaktari huanza kuitoa papo hapo bila kungoja majibu ya kipande cha mshipa kinachokatwa kupimwa. Ukimpeleka mzee hospitali, usiseme tu "anaumwa kichwa". Taja panja, taja taya, taja jicho.

Hatua ya tatu: andika habari za mwili wako kabla ya kwenda

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu haigharimu chochote na inaokoa miaka. Chukua karatasi. Anzia kichwani, shuka mpaka miguuni, uandike kila kitu kilichokusumbua ndani ya miaka michache iliyopita, hata kile ulichokwisha kukizoea. Hasa kile ulichokwisha kukizoea.

Kichwa na nywele. Je, kuna fungu la nywele, nyusi au kope lililogeuka jeupe ghafla? Masikio yanavuma? Ngozi imetoa mabaka meupe? Vitu hivi pamoja na maumivu ya kichwa na macho yote mawili kuona ukungu vinaelekeza kwenye ugonjwa ambapo kinga inashambulia chembe zinazotengeneza rangi ya mwili, ambazo zipo kwenye ngozi, sikioni na machoni.

Mdomo. Vidonda vinavyojirudia mara kwa mara, vya duara, vyenye kuuma, ndivyo watu wanavyovidharau zaidi. Kama pamoja navyo umewahi kupata vidonda sehemu za siri, sema. Najua ni aibu kulitamka mbele ya mtu uliyekuja kwake kwa ajili ya jicho. Mwaka 1937 daktari wa ngozi wa Uturuki, Hulusi Behçet, aliunganisha vitu hivi vitatu, vidonda vya mdomoni, vya sehemu za siri na kuvimba kwa macho, na ugonjwa ukabeba jina lake. Usipotamka kimoja, daktari anabaki na vipande visivyounganika, na ugonjwa wa Behçet ni miongoni mwa ile inayopofusha haraka usipotibiwa.

Mdomo ukiwa mkavu kiasi kwamba huwezi kumeza mkate bila maji, na macho yanahisi kama yana vumbi tangu asubuhi, andika hilo pia. Mwaka 1933 daktari wa macho wa Sweden aitwaye Henrik Sjögren aliueleza kwa kina ugonjwa ambamo tezi za machozi na mate zinashambuliwa. Kipimo chake ni rahisi: kijikaratasi kinawekwa kwenye ukingo wa kope ya chini kwa dakika 5, kisha wanapima machozi yamelowanisha urefu gani. Chini ya milimita 5 ni jicho kavu kweli.

Shingo na sura. Macho yaliyoanza kutokeza, kope za juu zilizopanda mpaka weupe unaonekana juu ya duara ya rangi, kuona kitu kimoja kama viwili, pamoja na moyo kwenda mbio na kupungua uzito: hizo ni dalili za ugonjwa wa tezi ya shingo. Hapa ukivuta sigara, acha. Sigara inauzidisha ugonjwa huu wa macho waziwazi, na hakuna dawa inayofidia hilo.

Kifua. Kikohozi kikavu kisichoisha, kupumua kwa shida, matezi. Inaweza kuwa sakoidosi, ugonjwa wa kinga unaootesha vinundu mapafuni na kwingineko, inaweza kuwa kifua kikuu. Yote mawili huingia machoni, na matibabu yao ni tofauti kabisa.

Tumbo. Kuharisha kwa muda mrefu, damu kwenye choo, maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka. Magonjwa ya kinga ya utumbo wakati mwingine huja na macho mekundu.

Mgongo na viungo. Hapa nitakaa kidogo. Maumivu ya mgongo ya kawaida, ya kubeba mizigo au kuinama, hupungua ukipumzika. Yale ya kinga hufanya kinyume: ukilala yanazidi, yanakuamsha alfajiri, asubuhi unahisi mgongo umekaza kama ubao kwa nusu saa au zaidi, kisha ukitembea na kujishughulisha yanalegea. Kama yamedumu zaidi ya miezi 3 na yalianza kabla hujafikisha miaka 45, na sasa jicho limevimba, daktari wa mifupa na viungo anapaswa kukuona hata kama hujawahi kufikiria kwamba una ugonjwa. Andika pia kisigino kinachouma unapokanyaga chini asubuhi, kidole cha mguu kilichovimba chote, goti lililojaa maji.

Ngozi. Soriasisi, yaani mabaka yenye magamba, hata kijisehemu kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko. Upele wa mashavuni unaozidi juani. Vinundu vyekundu vinavyouma kwenye miguu.

Mkojo na homa. Kijana aliyechoka, mwenye homa na kukonda, ambaye macho yote mawili yamekuwa mekundu, apimwe mkojo na figo. Ni kipimo cha bei ndogo kinachosahaulika.

Mwisho orodhesha dawa unazotumia zote, na magonjwa ya kinga yaliyo kwenye ukoo wako. Usisahau kuandika dawa za saratani zinazoamsha kinga, maana zenyewe zinaweza kuleta uveitisi.

Hatua ya nne: kwenye kiti cha daktari

Mashine unayowekea kidevu inaitwa taa ya mwanya. Ilibuniwa na Allvar Gullstrand wa Sweden, ambaye mwaka 1911 alipata Tuzo ya Nobeli kwa kazi yake juu ya mwanga ndani ya jicho. Inatoa mwanga mwembamba kama ule unaopenya kwenye ufa wa mlango chumba kikiwa giza. Umewahi kuona vumbi likielea katika mwanga wa namna hiyo? Ndicho daktari anachokitafuta. Ndani ya jicho lenye afya mwanga unapita bila kukutana na chochote. Ndani ya jicho lenye uveitisi anaona chembe zikielea, na anazihesabu, kisha anaandika alama kuanzia sifuri hadi 4. Omba uambiwe alama yako na uiandike pamoja na tarehe. Ziara ijayo ndiyo itakayokuambia kama dawa inafanya kazi.

Hakikisha mambo matatu yamefanyika: umepimwa uoni wa kila jicho peke yake, umepimwa presha ya jicho, ambayo kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, na mboni zimepanuliwa kwa dawa ili nyuma paonekane. Kama hapakuonekana nyuma, hujachunguzwa uveitisi kikamilifu. Mboni zikipanuliwa utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiendeshe chombo. Njoo na mtu.

Kisha toa karatasi yako. Soma kwa utulivu. Mimi huongeza swali hili mwishoni: "Daktari, kuna kitu kwenye mwili wangu kinachoweza kuwa chanzo cha hili?" Likiulizwa hivyo, bila ubishi, mara nyingi hufungua mazungumzo.

Kumbuka pia kwamba watu wengi wenye uveitisi huchunguzwa na chanzo hakipatikani. Hilo halimaanishi kwamba hujaumwa wala kwamba umezembea. Chanzo kingine hujitokeza baada ya miaka, ndiyo maana karatasi yako haitupwi.

Hatua ya tano: vipimo, na kwa nini maambukizi hutangulia

Kabla ya kuilaumu kinga, vijidudu viondolewe kwanza kwenye orodha. Kaswende, kifua kikuu, virusi vya hepesi, kimelea kiitwacho toksoplazma na virusi vya UKIMWI vyote vinaweza kuleta picha ileile. Kaswende hasa ina sifa ya kujifanya ugonjwa wowote, na inatibika kwa penisilini. Usikasirike ukiambiwa upimwe kaswende, hakuna anayekutuhumu. Kumpa mtu dawa za kushusha kinga huku ana kifua kikuu kilichojificha ni kumfungulia adui mlango.

Baada ya hapo vipimo hufuata dalili. Picha ya kifua, damu ya kuonyesha kiwango cha uvimbe mwilini, mkojo, figo, na vingine kulingana na ulichoandika. Kuomba upimwe kila kitu hakusaidii, kwa sababu baadhi ya vipimo vya kinga hutoka chanya hata kwa watu wazima wa afya, na utabaki na hofu isiyo na jina.

Kipimo kimoja kinataka maelezo: HLA-B27. Ni alama ya kurithi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, takriban nusu ya wanaopata uveitisi ya mbele ya ghafla wanayo. Lakini wengi walio nayo hawaugui maisha yao yote, na kwa jamii nyingi za Afrika alama hii ni adimu, hivyo kukosekana kwake hakuufuti ugonjwa wa mgongo. Mgongo unaokakamaa asubuhi unabaki kuwa mgongo unaokakamaa asubuhi, karatasi ya maabara iseme isemavyo.

Hatua ya sita: dawa, na mkono unaoziweka

Uveitisi ya mbele hutibiwa kwa matone ya steroidi, mwanzoni mara nyingi kila saa ukiwa macho, pamoja na matone ya kupanua mboni. Haya ya pili watu huyaacha kwa sababu yanaleta ukungu. Usiyaache. Yanapumzisha msuli unaouma na kuizuia mboni isigande kwenye lenzi.

Namna ya kuweka tone inaonekana ndogo, lakini nimeona watu wazima wakipoteza nusu ya chupa mashavuni. Nawa mikono. Tikisa chupa vizuri kama ni dawa ya maziwamaziwa, kwa maana steroidi hutuama chini na bila kutikisa unajiwekea maji. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini ifanye kimfuko, dondosha tone moja tu bila ncha ya chupa kugusa jicho. Fumba taratibu, usibane. Bonyeza kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika 2 au 3 ili dawa isishuke kooni. Kama una dawa ya pili, ngoja dakika 5, la sivyo la pili litaisafisha la kwanza.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha matone siku jicho linapokuwa jeupe. Chembe bado zimo ndani. Kioo chako hakizioni, taa ya mwanya inaziona. Dozi hushushwa ngazi kwa ngazi kwa wiki kadhaa, mara nyingi 6 au zaidi. Ukikatisha ghafla, uvimbe unarudi kwa nguvu, na mimi nililijua hilo kwa kulipia.

Kosa linalolingana nalo ni kinyume chake: kuhifadhi chupa iliyobaki na kujiwekea, au kumpa jirani mwenye macho mekundu. Steroidi juu ya kidonda cha hepesi kwenye kioo cha jicho inaweza kukitoboa. Steroidi ya muda mrefu bila kupimwa hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Dawa ileile inayookoa uoni ndiyo inayoweza kuuondoa.

Uvimbe ukiwa nyuma, au ukirudi kila mara, matone hayatoshi. Utapewa vidonge vya steroidi kwa muda, kisha dawa za kutuliza kinga kama metotrekseti, azathioprini au mikofenolati, au sindano kama adalimumabu, ambayo tangu 2016 imeidhinishwa Marekani na Ulaya kwa baadhi ya aina za uveitisi isiyo ya maambukizi. Metotrekseti kwa magonjwa haya humezwa mara moja kwa wiki. Narudia: kwa wiki. Wako waliokufa kwa kuimeza kila siku kwa kutoelewa maandishi. Chagua siku, iandike ukutani. Mwanamke anayetarajia mimba, na mwanaume anayepanga mtoto, wamwambie daktari kabla ya kuanza.

Ukipewa haidroksiklorokwini kwa ajili ya lupasi, ugonjwa wa kinga kushambulia mwili mzima, au viungo, retina ichunguzwe ndani ya mwaka wa kwanza, na kila mwaka baada ya miaka 5, mapema zaidi kama figo zako zina shida. Ni dawa nzuri, ila jicho halitoi ishara mpaka madhara yameshaingia.

Hatua ya saba: mtoto asiyelalamika

Mtoto mwenye ugonjwa wa viungo wa kinga anaweza kuwa na uveitisi kali huku jicho lake likiwa jeupe safi. Haumwi, halii, hakodoi macho. Anaendelea kucheza mpaka mzazi anagundua mboni imepinda au ana doa jeupe machoni, na kwa wakati huo uoni umeshapungua. Walio hatarini zaidi ni wadogo, hasa wasichana, wenye viungo vichache vilivyovimba na kipimo cha damu cha ANA, kinachotafuta kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe, kilicho chanya. Hawa huangaliwa kwa taa ya mwanya kila baada ya miezi 3 hata kama hawana dalili yoyote, na hata magoti yakiwa yamepona. Mama au baba, ukiambiwa "macho yake mazuri, njooni baada ya miezi 3", shika tarehe hiyo kama unavyoshika ya chanjo.

Hatua ya nane: jiandae kwa mara nyingine

Uveitisi ya namna yangu hupenda kurudi, wakati mwingine jicho la upande wa pili. Dalili ya kwanza huwa ndogo sana: jicho linahisi zito, taa ya bafuni inachoma kidogo, hakuna wekundu bado. Nimejifunza kwenda siku hiyo, kwa sababu uvimbe uliokamatwa ukiwa na siku moja hutulia haraka kuliko wa siku tisa.

Muulize daktari wako sasa, kabla haujarudi: nikihisi hivi mwisho wa juma, nampigia nani, na je, nianze matone kabla ya kuonwa au nisubiri? Majibu hutofautiana kwa kila mgonjwa, kwa hiyo usichukue ya mwingine. Yaandike kwenye ile karatasi, chini ya alama zako na tarehe zake, pamoja na majina ya dawa na jicho lililougua. Ipige picha iwe kwenye simu. Nakala moja mpe mtu unayeishi naye, kwa sababu siku jicho litakapokataa mwanga, hutaweza kuisoma mwenyewe.